Semina Hiyo Wapelekeeni Wasaili

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, na nakumbuka watu wazima wakitazama picha za yale majukwaa na kuulizana mechi ilikuwa ya nani na nani.

Fanya hesabu pamoja nami. Tuseme kila mmoja wao alikuwa mkamilifu: alipiga pasi nguo zake usiku, akapaka viatu kiwi, akafika saa nzima kabla ya muda, akasimama mgongo wima na kutabasamu kwa kiasi. Tuseme hakuna hata mmoja aliyekosea. Bado vijana zaidi ya 9,900 wangerudi nyumbani bila kazi. Hakuna tabasamu linalozaa kiti cha sabini na moja. Machi 2025 ikawa zamu ya Mamlaka ya Mapato: nafasi 1,596, waombaji zaidi ya 135,000, yaani takriban watu 85 kwa kila kiti. Katika miaka hiyo yote nchi haikuwahi kupungukiwa kiwi ya viatu.

Naanza na hesabu hii kwa sababu kuna watu wanaokula kwa kutusahaulisha. Unawajua. Hujiita wakufunzi wa mafanikio, washauri wa ajira, walezi wa vipaji. Huja vyuoni muhula wa mwisho, kipaza sauti kimebanwa shavuni, na mada yao haibadiliki: mwonekano wa kwanza. Una sekunde saba tu, wanasema. Mwingine atasema thelathini. Niliwahi kumsikia mmoja akisema dakika nne, nikaona angalau huyo ana huruma.

Halafu inakuja ile slaidi. Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Maneno yenyewe yana asilimia 7 tu. Nimeiona slaidi hiyo katika semina tatu, mara zote ikiwa na picha ya Mzungu aliyekunja mikono. Takwimu hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe hakusema hivyo. Ilitokana na majaribio mawili madogo ambayo Albert Mehrabian na wenzake, huko California, waliyachapisha mwaka 1967. Katika moja yao watu walisikilizishwa neno moja la Kiingereza, neno lenye maana ya “labda”, likitamkwa kwa sauti mbalimbali huku wakitazama picha za nyuso, kisha wakaulizwa wanadhani msemaji anampenda au hampendi yule anayeambiwa. Basi. Hakuna aliyekuwa akiomba kazi ya uhasibu. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu kupenda na kutopenda, haihusu kila mazungumzo chini ya jua. Kama asilimia 93 ingekuwa kweli, mkufunzi angeendesha semina nzima kwa Kichina na sisi tungeambulia karibu yote.

Lakini sitaki kuishia kucheka slaidi mbovu, maana kuna sehemu ya maneno yao iliyo kweli, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Ni kweli kwamba watu huhukumu haraka. Mwaka 1946 Solomon Asch aliwapa watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua. Kundi moja liliambiwa ni mwerevu, mchapakazi, mwenye papara, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi jingine likapewa sifa hizo hizo, neno kwa neno, ila zikianzia mkiani: mwenye wivu, mkaidi, mkosoaji, na kuendelea hadi mwerevu. Waliosikia werevu kwanza walimwona mtu mwenye uwezo na kasoro zake ndogondogo. Waliosikia wivu kwanza walimwona mtu mwenye tatizo ambaye hata akili zake hazimsaidii. Miaka sitini baadaye, 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za sura za wageni kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ilitosha. Watazamaji walishaamua nani mwaminifu na nani ana uwezo. Walipoongezewa muda, hukumu zao hazikubadilika sana. Kilichopanda ni uhakika wao kwamba wako sahihi.

Sasa zisome tena habari hizo mbili kama mtu anayetafuta kazi, na ujiulize kasoro iko kwa nani. Yule mtu wa Asch hakufanya lolote. Hakuchelewa, hakuvaa vibaya, hakujikwaa mlangoni. Sifa zake ni zilezile sita. Aliyepotoka ni msomaji wa orodha. Zile sura za Princeton zilikuwa picha tu, hazikuwa na cheti wala uzoefu wa kazi wa kuonyesha. Kila utafiti wanaoutumia kututisha sisi unasema jambo moja: anayehukumu ana haraka, na haraka yake anaiona kuwa ni busara. Mkufunzi anachukua ugonjwa wa msaili na kuniandikia mimi dawa, kisha ananitoza kiingilio. Katika miaka yangu yote ya chuo sijaona tangazo la semina ya wasaili yenye mada ya jinsi ya kutodanganywa na viatu.

Kabla sijarudi chuo kwa shahada ya uzamili nilifanya usaili katika kampuni moja ya pembejeo za kilimo ambayo sitaitaja. Walitaka mtu wa kuzunguka Handeni, Kilindi na Korogwe kuzungumza na wakulima: kusikiliza malalamiko yao kuhusu mbegu, kuwaeleza matumizi ya mbolea, kurudi na majibu. Mimi ni mtu wa Muheza. Nilivyosoma lile tangazo nilihisi limeandikwa na mtu anayenijua.

Niliingia. Jopo lilikuwa la watu watatu. Wawili walikuwa na umri wa wazazi wangu. Wa tatu alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu. Nikasema, “Shikamooni.” Yule mzee aliyekaa pembeni akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeitwa ghafla kwa jina lake la utotoni. Wenzake wakatazamana. Dada akacheka kidogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapa ni ofisini. Usaili wote ukaendelea kwa Kiingereza, na mzee alipouliza swali refu nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha macho, nikamwacha amalize, nikajibu.

Wiki mbili baadaye nilipiga simu kuulizia. Afisa rasilimali watu alikuwa mwungwana, alinipa jibu ambalo wengi hawalipati. Majibu yako yalikuwa mazuri, alisema, ila jopo lilikuona mpole mno. Nafasi inahitaji mtu mchangamfu.

Mpole. Nyumbani kwetu hilo ndilo neno ambalo mama hulitumia akitaka kukusifia mbele ya watu. Macho yaliyoinama mbele ya mtu mzima, kwetu, hayana maana ya kuficha kitu. Kumkodolea ndiko kunakoulizwa. Kusubiri mtu amalize kusema ndiyo kusikiliza kwenyewe. Miaka kumi na minane nilifundishwa hayo kwa upole na kwa fimbo, na kwa vipimo vya meza ile yote yalikuwa dalili za mtu asiyejiamini.

Ningenyamaza kama kazi yenyewe ingekuwa ya kukaa na watu wa meza ile. Lakini kazi ilikuwa Handeni. Fikiria mwenyewe: kijana wa kampuni anashuka kwenye bodaboda, anaingia kwenye uwanja wa mzee aliyepoteza msimu mzima kwa mbegu zisizoota, hamwamkii, anamnyooshea mkono na kumkazia macho kama alivyofundishwa semina. Huyo hatapewa hata kigoda. Mwonekano wa kwanza wenye maana katika kazi ile ulikuwa unasubiri pale, chini ya mwembe wa mzee huyo, na jopo lilimpima mwombaji kwa kinyume chake. Sijui waliyempata alifanyaje. Huenda ni mtu mzuri kabisa. Ninachojua ni kwamba alichaguliwa kwa kipimo kisichoifahamu kazi aliyotumwa kuifanya.

Jioni ile ya usaili bibi alipiga simu kutoka Muheza. Hakuuliza mshahara.

“Mke mwenzangu, uliwaamkia?”

“Niliwaamkia, bibi.”

“Waliitikia?”

“Mmoja.”

“Basi huyo mmoja ndiye aliyelelewa.”

Bibi anaweza kusema hivyo kwa sababu hadaiwi kodi ya chumba.

Na Kiingereza? Mimi sina ugomvi nacho. Ninasoma nacho, tasnifu yangu naiandika nacho, na yeyote anayetaka kazi ya kuandikiana na wafadhili wa Geneva apimwe kwacho bila huruma. Nazungumzia kazi ambazo siku nzima zitafanywa kwa Kiswahili: kaunta ya benki, dirisha la bima, simu za wateja, mbolea ya Handeni. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Maana yake unaweza kushtakiwa, kutetewa na kufungwa kwa Kiswahili, lakini kuuza mbolea ya kupandia kunahitaji ujieleze kwanza kwa Kiingereza.

Tazama kinachopimwa hapo. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto anakutana na Kiingereza cha kufundishiwa akifika kidato cha kwanza, kama mtu aliyesukumwa baharini na kuambiwa kuogelea kuko kwenye mtihani. Mwenzake aliyelipiwa shule ya binafsi amezungumza lugha hiyo tangu chekechea. Wakikutana mlango wa usaili wakiwa na shahada ileile, wa pili atazungumza bila kusita na wa kwanza atatafuta neno. Jopo litaandika kwamba wa pili anajiamini. Wanachokiita kujiamini, mara nyingi, ni ada ya shule ya msingi.

Gharama nyingine nazitaja haraka kwa sababu kila msomaji wa umri wangu ana orodha yake. Viatu vyangu vya usaili ni vya mtumba, soko la Karume, shilingi 15,000; koti ni la kuazima kwa mwenzangu wa chumbani, ambaye naye amelivaa kwa usaili wake mara nne. Matangazo mengi ya kuitwa kwenye usaili hukumbusha kwamba msailiwa atajigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Kwa hiyo kijana wa Kigoma anayeitwa Dodoma anasafiri na basi, ananawa uso stendi, na saa mbili asubuhi anakaa mbele ya watu waliolala vitandani mwao. Wataona amechoka. Wataandika hana ari. Miaka ya karibuni baadhi ya usaili wa kada za umma umesogezwa mikoani, na aliyetoa wazo hilo amefanya zaidi kwa mwonekano wa kwanza wa vijana wa nchi hii kuliko wakufunzi wote wenye vipaza sauti vya shavuni.

Ubaya wa haya yote ni kwamba hata mwajiri hafaidiki. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia kuzipima upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi: ipi kati yao inabashiri kwamba mtu atafanya kazi vizuri akishaajiriwa. Ukichukulia kwamba 1 ni ubashiri usiokosea kamwe na 0 ni bahati nasibu, usaili wa kuzungumza tu, wa “hebu tufahamiane”, ulipata kama 0.19. Usaili uliopangwa ulipata kama 0.42, ukawa juu ya njia nyingine zote walizozilinganisha. Neno lililopangwa halina uchawi wowote. Maswali yanatoka kwenye kazi yenyewe. Kila msailiwa anaulizwa yaleyale. Kila msaili anaandika alama zake kwenye karatasi yake kabla hajasikia mwenzake anasema nini, na kuna maelezo yaliyoandikwa mapema ya jibu zuri linafananaje. Hakuna swali la “tuambie kidogo kuhusu wewe”, ambalo kwa maoni yangu ni mlango wa nyuma: linamwalika msailiwa mwenye maneno mengi atengeneze mwonekano wa kwanza, kisha saa nzima inayofuata inatumika kuuthibitisha.

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi marafiki zangu. Ninaupenda mtihani wa mchujo. Ule wa karatasi, wa namba ya mtahiniwa, ambao kila mtu anaulalamikia akitoka. Una kasoro zake, maswali mengine hayana uhusiano wowote na kazi, lakini karatasi haijui koti langu ni la nani. Haijui kama nimeinamisha macho. Marafiki zangu wanausubiri usaili wa ana kwa ana kwa sababu wanaamini huko ndiko watakakoonekana wao ni akina nani. Mimi nahofia huko ndiko tunakoonekana sisi ni watoto wa nani.

Kaka mmoja ninayemheshimu, ambaye hukaa kwenye majopo ya aina hiyo, aliisoma rasimu ya maneno haya akatikisa kichwa. “Mdogo wangu,” aliniambia, “nina watu arobaini, siku moja, na bosi anayetaka jina saa kumi. Unataka nimsome kila mmoja roho?” Nilimwelewa. Sitaki amsome mtu roho. Hicho ndicho anachokifanya sasa, tena kwa sekunde saba. Mtu mwenye wasailiwa arobaini na siku moja ndiye anayehitaji zaidi maswali manane yaliyochapwa na safu ya kujazia alama. Kufikia wa ishirini atakuwa amechoka, na akichoka atachagua anayefanana na mdogo wake.

Alikuwa na hoja ya pili, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote: dunia ndivyo ilivyo, jifunze kuishi nayo. Kaka, nimejifunza. Nipe mkono nitaushika kama inavyotakiwa, si kwa kulegea wala kwa kuponda. Najua kukaa bila kuegemea, najua kujisifu kwa dakika mbili bila kucheka, na mdogo wangu akimaliza chuo nitamfundisha yote hayo jikoni, bure. Kufika mapema na kuijua kazi unayoiomba sihesabu kuwa ni mbinu, ni heshima ya kawaida. Lakini ushauri huu una hila moja: unamsaidia mmoja ikiwa tu wengine hawajausikia. Mtu mmoja akisimama jukwaani ataona mpira vizuri. Uwanja mzima ukisimama, kila mtu anaona kama alivyokuwa akiona mwanzo, isipokuwa sasa miguu inauma na kuna anayeuza vigoda.

Na wale wasaili wanaosema “mimi mtu nikimwona tu nimeshamjua”, wanaosema hivyo kwa fahari, hata kwenye harusi, naomba tuwasikilize kwa makini zaidi. Huyo amekiri. Amekuambia kwamba wengine thelathini na tisa walioketi kwenye benchi la korido walikuwa wanamsindikiza yule aliyempenda tangu mlangoni. Daktari akituambia kwamba yeye hupima malaria kwa kumtazama mgonjwa tu, hatutamtungia semina wagonjwa ya jinsi ya kuonekana wana malaria.

Mwezi ujao kuna semina nyingine kitivoni kwetu. Bango limeshabandikwa mlango wa maktaba: mwonekano wa kwanza, kiingilio shilingi 10,000, cheti kitatolewa. Niliandika barua kwa waandaaji nikaomba waalike na waajiri, wakae safu za mbele, na nusu ya muda iwe yao: jinsi ya kuandaa maswali, jinsi ya kutoa alama, lini utumie Kiswahili. Nimejibiwa kwa heshima kwamba mkufunzi ameshalipwa na mada haiwezi kubadilishwa. Nikaomba basi dakika kumi za maswali. Wamenipa tano. Nimeandika zile orodha mbili za Asch kwenye karatasi na kutoa nakala hamsini pale stesheneri. Nusu ya ukumbi watapewa inayoanza na mwerevu, nusu nyingine inayoanza na mwenye wivu, na hawataambiwa kwamba ni tofauti. Nitamwomba mkufunzi naye achukue moja.